Kifuniko cha Betri

Kabla sijamwelezea Fundi, niseme ujinga wangu kwanza, maana hata nikiuficha utachungulia tu. Nilikuwa namsemesha bila sauti. Nakaa mbele yake, nafungua mdomo, nauchezesha kama mtangazaji wa mpira, mikono inaruka huku na huku, lakini sauti sitoi. Fundi ananikazia macho. Anagonga mashine yake ya sikio kwa kidole. Anaivua, anafungua kifuniko cha betri, anatoa betri, anaipangusa kwenye shati, anairudisha, anafunga, anavaa. Hapo ndipo natoa sauti: "...ndiyo maana nikasema shikamoo, Fundi." Naye anatabasamu. "Marahaba, mura," yaani kijana. "Ilikuwa imekata." Wadogo zangu nyuma ya choo wanakaribia kujikojolea.

Sikufanya mara moja. Nilianza nikiwa kidato cha pili, nikaendelea mpaka cha tatu, kila nilipokosa cha kufanya. Sikujua kwamba kifuniko kidogo kama kile kina kiasi chake cha kufunguliwa na kufungwa, na kwamba mimi nilikuwa nakitafuna kile kiasi kama karanga.

Mashine yenyewe ni ile inayokaa nyuma ya sikio kama mtoto mgongoni. Mrija mwembamba unatoka juu yake, unapinda, unaingia kwenye plagi iliyotengenezwa kwa umbo la tundu la sikio lako wewe tu, hata pacha wako haimtoshi. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema jina lake sanifu ni shimesikio. Hapa Nyakunguru ukisema shimesikio watakuuliza unampa ng'ombe vijiko vingapi. Sisi tunasema mashine.

Fundi alizaliwa wapi na lini sijui, na hakuwa mtu wa kukusimulia. Nilimkuta yupo, jirani yetu, ua wake na wetu zimetenganishwa na mstari wa katani. Kazi yake ilikuwa pampu za kuvuta maji kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Ukisimama pembeni ya karasha, meno yanacheza mdomoni. Fundi alisimama pembeni ya makarasha miaka mingi kuliko umri wangu bila kuziba masikio, kwa sababu alisema karasha inayougua inajulikana kwa sauti yake. Akaisikiliza mpaka sikio la kushoto likafa kabisa na la kulia likabaki na chenji.

Mifuko yake ilijaa nati, bolti na springi. Akitembea analia kama kondoo mwenye kengele. Kijiji kizima tulijua Fundi anakuja, isipokuwa Fundi mwenyewe.

Sasa, hapa kwetu spea ni spea. Ringi ya pikipiki inaingia kwenye pampu, ikikataa unaipiga nyundo, ikikataa tena unaikata, ikikataa tena unamlaumu Mchina. Fundi hakuwa hivyo. Siku moja alikuja mkulima kutoka Gorong'a na pampu ya kumwagilia nyanya. Mpira wake wa ndani ulikuwa umekufa, naye alikuwa ameshajichongea mwingine kutoka kwenye soli ya kandambili. Akauweka, akavuta kamba, pampu ikanguruma, maji yakatoka. Yule bwana akapiga makofi.

"Umeona, mzee! Imeingia!"

"Imeingia," Fundi akasema. "Sijasema imekubali."

Akamkalisha kwenye gogo, akamwambia asubiri. Pampu ikaendelea. Ikapata joto. Fundi akaiinamisha jinsi inavyoinama kwenye kingo za mto. Ikakohoa mara mbili, ikatapika kandambili vipande vipande. Fundi hakucheka. Alimwambia, "Spea haipimwi mezani. Inapimwa kwenye kazi yake, imechoka, imepata joto, imekaa vile inavyokaa." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko Baba Yetu, na nilikuwa nayaigiza shuleni huku nimeingiza mawe mfukoni ili nilie kama yeye. Darasa zima walivunjika mbavu.

Mashine aliipata Mugumu. Madaktari wa masikio walikuja wakapiga kambi kule Morotonga, na Fundi akaenda kwa sababu mkamwana wake, mke wa mwanawe, alimwomba kupitia kwangu. Mimi nilimsindikiza kama sikio la akiba. Aliyemhudumia alikuwa dada mmoja mwembamba, mkali kama msimamizi wa mtihani, ambaye baadaye alibaki akifanya kazi hiyo hapo Mugumu. Alimvalisha, akawasha, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, unanisikia?" Fundi akageuza kichwa pole pole. Nje kulikuwa na mtu anafagia. Fundi akauliza, "Hiyo ni fagio?" Dada akasema ndiyo. Fundi akasikiliza fagio mpaka mtu akamaliza kufagia.

Halafu dada akatusomea sheria. Mrija ni wa unene huu tu. Ukigeuka njano na kuwa mgumu, ubadilishwe, na ukatwe urefu ule ule wa zamani. Ile ndoano inayokaa juu ya sikio, za mashine hii zinafungwa kwa kuzungusha, nyingine zinabanwa tu, msichanganye. Betri ni zenye karatasi ya bluu. Ukibandua karatasi, subiri kidogo ivute hewa ndipo uiweke. "Na kifuniko cha betri ndicho hatari zaidi," akasema. "Kila modeli ina chake. Vinafanana, vinaingia, lakini havibadilishani. Kikivunjika msitafute mtaani. Leteni mashine yenyewe hapa, nikipime."

"Na nyundo?" nikauliza.

Dada hakucheka. Niliporudia kwa sauti karibu na sikio la Fundi, Fundi alicheka mpaka plagi ikapiga filimbi. Filimbi hiyo hutokea sauti ikivuja kwenye plagi, na mbwa wote wa Morotonga waliisikia.

Tangu hapo Fundi akawa na kopo la maziwa ya unga, ndani yake vitu vya mashine tu, na karatasi aliyoandikiwa namba ya modeli. Mrija ulipokauka mara ya kwanza, nilimletea kipande cha mpira wa dripu kutoka zahanati. Nesi alinipa kwa huruma. Kiliingia vizuri kabisa. Kikapiga filimbi mpaka jogoo wetu akajibu. Fundi akakivua, akakitazama, akanirudishia kwa adabu kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani. Mara nyingine nilimpa betri za kalkuleta, ambazo kwa macho ni zile zile, duara lile lile, unene ule ule. Akaziweka, akasikia asubuhi, mchana zikafa. "Zimeingia," akasema. Akavaa kofia, akapanda gari, akaenda Mugumu.

Safari yote hiyo kwa ajili ya betri. Watu walimwona mzee wa ajabu. Alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa jikoni.

Mke wa Fundi alikuwa ameshafariki. Kijana wake yuko Kahama kwenye machimbo, anakuja kama mvua za vuli. Uani walibaki wawili: Fundi na mkamwana wake. Na kwetu mkwe na mkamwana wana heshima yao. Hawagusani. Hawatazamani usoni. Hawakai karibu. Hawali pamoja, wala mmoja haingii anapolala mwenzake. Wengine siku hizi wamelegeza, hasa walioishi mjini, lakini Fundi alikuwa mtu wa kufunga nati mpaka mwisho. Kiti chake kilikaa hatua ishirini kutoka mlango wa jiko, mgongo umeelekea jikoni, siku zote. Naye mkamwana akisema na mkwe wake husimama mlangoni, uso ameugeuzia kwenye ghala.

Fikiria sasa kabla ya mashine. Kiziwi hawezi kusoma midomo ya mtu asiyeruhusiwa kumtazama. Hawezi kupigiwa kelele sikioni na mtu asiyeruhusiwa kumkaribia. Hawezi kuguswa begani. Mkamwana alikuwa akitaka kumwambia chakula tayari, anamtafuta mtoto wa jirani, yaani mimi, na mimi nilikuwa naongeza chumvi. "Fundi, mkamwana anasema ugali tayari, na anasema unywe dawa ya minyoo." Akanywa kweli, mara mbili.

Mashine ilipokuja, siku ya kwanza mkamwana alisimama mlangoni akasema, si kwa kelele, "Tata, uji uko tayari." Tata kwetu ni baba. Fundi bila kugeuka akajibu, "Nimesikia, mwanangu." Mama yangu alikuwa anaanika mtama upande wetu. Akaacha kuanika.

Kwa hiyo walikuwa wanaongea, yeye akiiambia ghala na Fundi akiwaambia kuku. Mvua, bei ya mahindi, kijana wa Kahama amesemaje kwenye simu. Nilikuwa nawaigiza pia, ghala na kuku. Niliigiza kila mtu.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na vituko. Kanisani mahubiri yakizidi, alipeleka kidole nyuma ya sikio, taratibu, kama anajikuna, akazima. Mchungaji anafikiri mzee ameguswa na neno, kumbe amefunga duka. Wagombea wakija na vipaza sauti, anazima. Wakwe wa dada yake wakija kuomba, anazima. Kwenye drafti alikuwa mwizi: ukisema "nimekula," anajifanya mashine imekata mpaka ausogeze mchezo anavyotaka. Kwa hiyo kila mtu hapa alijua kwamba Fundi akitaka anazima. Likumbuke hilo.

Lakini uani kwake sikuwahi kumwona amezima, hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Huko wananihubiria. Hapa wananiita."

Mkamwana alikuwa na mimba. Mbili za kabla yake zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu ilivuka pale zile zilipoishia, ikaendelea, na kila mtu akawa anatembea kwa uangalifu kama uani kuna mayai. Nesi alisema asibebe maji, asilime, na asikae peke yake. Akiona damu au maji, apige kelele saa hiyo hiyo, kila dakika ni ya mtoto. Mtandao kwetu unakuja ukiupandia kichuguu. Kwa hiyo kengele ya nyumba ile ilikuwa sauti ya mkamwana na sikio la kulia la Fundi. Fundi alihamisha kazi zake zote nyumbani. Pampu zikaletwa uani. Wenye makarasha wakalalamika, akazima.

Na katikati ya hayo, mimi nikamsemesha bila sauti mara ya mwisho. Akavua, akafungua kifuniko, na kijipini kinachoshikilia kifuniko kikakatika. Kifuniko kikabaki mkononi mwake. Betri ikadondoka, ikabingirika mpaka kwenye mguu wangu.

Sikutoa sauti baada ya hapo. Safari hii sikuwa natania.

Fundi hakugomba. Hakujua kuna wa kugombezwa. Alifunga kifuniko kwa gundi ya karatasi, kikakataa, kwa uzi, kikakataa. Akaniita. "Mura, mimi siwezi kuondoka hapa. Nenda wewe. Mpe dada mashine yenyewe, mpe na hii karatasi. Usikubali kingine." Mama yangu akakubali kushinda kwa mkamwana siku nzima hiyo, maana mzee angebaki bila sikio. Unaona jinsi watu wazima walivyojipanga. Kila mtu alikamata mahali pake. Palibaki mahali pangu.

Stendi, gari la Mugumu lilikuwa tupu, dereva amelala. La Tarime lilikuwa linawaka, konda anaita. Rafiki yangu darasani alikuwa ameniambia kuna fundi simu Sirari, pale mpakani, mbele ya Tarime, ana bati zima la mashine za sikio zilizokufa, anauza vipande. Nikajiambia naokoa muda. Ukweli mwingine ni kwamba Sirari kuna chipsi mayai nzuri na siku hiyo kulikuwa na mechi kwenye ukumbi. Huo ndio ukweli mkubwa.

Fundi simu alimwaga bati mezani. Akachambua kwa bisibisi.

"Hii hapa buda. Ona, hata rangi ni moja."

"Ni ya modeli hii?" nikamwonyesha karatasi.

Hakuitazama. "Kijana, si betri ni ile ile? Basi ni sawa. Imeshika poa kabisa." Akabana, kikalia klik. Klik nzuri sana. Nikaiwasha, nikaiweka sikioni kwangu, nikasikia mafuta ya chipsi ng'ambo ya barabara.

Nilirudi jioni nikinuka vitunguu. Fundi alikuwa amekaa kitini, wima, mikono magotini. Nikampa. Akauliza, "Dada alisemaje?"

"Alisema ni modeli ile ile," nikapaza sauti.

Akakigeuza kifuniko, akaivaa ajaribu kwanza. Akaingiza mkono mfukoni kutoa kioo chake cha kukuzia, kile anachotazamia meno ya gia. Nilikiona kioo kikitoka. Lakini alikuwa ameshaivaa, na wakati ule ule mkamwana akatokea mlangoni, akaiambia ghala:

"Tata, uji uko tayari."

Fundi akasikia. Uso wake wote ukafunguka. Akarudisha kioo mfukoni.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. Kisha akaniambia mimi, "Imekubali."

Katika miaka yote niliyomjua, ni spea hiyo moja tu aliyoipokea bila kuipima.

Kilichofuata sikukiona. Nakisimulia kama mkamwana alivyomweleza mama yangu, na kama alama za uani zilivyoonyesha. Ilikuwa siku ya mnada. Mama alikuwa mnadani, mimi nilikuwa naye kumbebea mizigo, nyumba nyingi zilikuwa tupu. Fundi alibaki, ameinama juu ya pampu, mgongo umeelekea jikoni kama heshima inavyotaka. Mkamwana akaona maji, kisha damu. Akaita. "Tata." Mzee akaendelea kukaza nati. Akaita tena, akapiga kelele, akapiga sufuria kwa mwiko. Fundi alikuwa anapiga mluzi.

Kiziwi ambaye mashine yake imekata hajui kwamba imekata. Kwake yeye uani kumetulia tu. Alifikiri ni mchana mzuri.

Mkamwana akatoka kwa kutambaa. Alifika hatua tano kutoka mgongoni kwake, akasimama. Pale palikuwa na gunzi. Alilishika amtupie, akashindwa kumtupia mkwe wake gunzi. Alimwambia mama kwamba hatua zile tano zilikuwa ndefu kuliko zile kumi na tano. Mwisho akazimaliza, akanyoosha mkono, akamgusa begani.

Fundi aliruka kama aliyepigwa na umeme. Aligeuka, wakatazamana uso kwa uso, mara ya kwanza tangu aolewe. Na alipokaa wima, mashine ikawaka, akamsikia.

Alikimbia mwenyewe barabarani kutafuta pikipiki, mzee yule, nati zikimwagika njia nzima. Sisi tuliporudi kutoka mnadani tuliziona barabarani, mimi nikaziokota nikicheka, nikisema Fundi leo anapanda mbegu.

Alikuwa mtoto wa kiume. Hakulia. Nesi alisema angeishi kama mkamwana angeletwa mapema kidogo. Mkamwana alipona. Mama yangu ndiye aliyemkunja mtoto kwenye kanga, kanga yake mwenyewe ya kwendea harusi, na hajawahi kuiulizia.

Wazee wa ukoo wakaja. Wakasema achinjwe mbuzi, kwa sababu mkamwana amemgusa mkwe. Fundi, yule wa kufunga nati mpaka mwisho, akasimama akakataa. "Hakuna aliyevunja kitu hapa ila mimi. Mbuzi wa nini?"

"Kwani ulikuwa wapi, asikuite mpaka akuguse?"

"Nilikuwa nimezima," Fundi akasema.

Kila mtu alimwamini. Si alizima kanisani? Si alizima kwa wagombea? Kijana wake alikuja kutoka Kahama, akamtazama baba yake muda mrefu, akazika mtoto, akaondoka bila kuaga. Na mkamwana, siku ile, akamaliza maneno. Chakula kinaiva, kinawekwa juu ya jiwe, mlango unafungwa. Ghala haiambiwi kitu.

Mimi nilijua kwamba hakuwa amezima. Nilijua na nikanyamaza, tena kunyamaza kwa hodari wa kuongea. Shuleni niliendelea kuchekesha. Nilikuwa na utani mpya kila wiki, isipokuwa wa Fundi. Wenzangu wakaomba, "Tupigie Fundi." Nikawaambia umeisha muda.

Nilimwendea likizo ilipoanza, mchana kweupe. Kiti chake kilikuwa kimegeuzwa. Mgongo sasa ulielekea barabarani, uso jikoni, na mlangoni mkamwana alikuwa ametundika kanga. Fundi alikuwa amekaa anaitazama ile kanga.

"Shikamoo, Fundi." Nikakaa chini mbele yake. Nikaanza kusema. Safari hii nilitoa sauti, yote niliyokuwa nayo: nilivyomsemesha bila sauti, stendi, Sirari, chipsi, klik. Fundi aliniinamia, akanikazia macho. Akagonga mashine kwa kidole. Akaivua, akafungua kile kifuniko, akatoa betri, akaipangusa kwenye shati, akairudisha, akafunga, akavaa, bado ameniinamia.

"Imekata," akasema.

Nilikuwa na daftari la Fizikia. Nikaandika. Ukurasa mmoja na nusu. Alisoma taratibu, akifuata mistari kwa ncha ya bisibisi. Alipofika mwisho alirudi juu akasoma tena. Kisha akalivuta kopo la maziwa, akatoa kifuniko cha zamani kilichovunjika, akavua na kile cha Sirari, akaviweka viwili juu ya goti. Akanipa kioo.

"Tazama ulimi wa huyu. Na wa huyu. Huyu wa Sirari yuko chini kwa unene wa karatasi. Ukikaa wima, betri inaegemea, inagusa. Ukiinama, inarudi nyuma." Akainama kunionyesha, kama anakaza nati. "Nilijua kesho ya ule mnada."

Nikaandika: Mbona hukusema ni mimi?

"Spea niliipokea mimi. Niliipima nimekaa wima. Mimi kazi yangu nafanya nimekaa wima?" Akasubiri kama kweli anataka jibu. "Ningesema ni wewe, jina hilo ungeitwa mpaka uzeeke. Mimi nimeshazeeka."

Nikaandika: Kesho naenda Mugumu. Kwa dada. Nakuletea cha modeli yako.

Alisoma. Akatazama ile kanga mlangoni. Nyuma ya kanga mtu alikuwa anaosha vyombo, mimi nilisikia.

"Ili nisikie nini?" Fundi akasema.

Akachana zile kurasa kwa uangalifu, akazikunja, akaziweka ndani ya kopo pamoja na mirija, akafunga.

Nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia yote, bila kuongeza chumvi, na nilishangaa jinsi ilivyo fupi. Nilitegemea kofi. Nilikuwa nimesogea karibu kabisa ili asihangaike. Hakunyanyua mkono. Aliokota jiwe moja kwenye maharage, akalitupa. Akauliza, "Fundi umemwambia?" Nikasema ndiyo, kwa kuandika, maana mashine haisikii. Akauliza, "Na mkamwana wake anajua nini?" Nikasema anajua kwamba mzee alizima.

Mama akauweka ungo chini. Akasema:

"Umeanza na asiyesikia. Anayesikia yuko jikoni pale. Nenda."